Mapigo ya Bure

Zombe, Kitui
6 Machi 1977

Kwa Baba mpendwa,

Salamu nyingi sana. Natumai barua hii itawakuta wazima, wewe na Mama, na kwamba ng'ombe wamepata majani. Mimi huku ni mzima wa mwili. Watoto wa shule ni wengi, chaki ni chache, na maji tunachota mbali.

Baba, nimejaza fomu ya chuo cha meno mara ya pili. Sikutaka kukwambia, lakini nimelazimika, maana jibu litakuja kwa sanduku la posta la kanisa hapo Tawa. Barua za Zombe hupotea njiani. Waliuliza sababu ya kutaka kazi hii, nami nikaandika habari zako. Nilisema baba yangu alikuwa fundi wa kuchonga meno enzi zile, akawachonga vijana wa Tawa nzima mpaka wakawa na meno ya ncha, na leo wazee hao meno yanawaoza na hakuna wa kuwatazama. Usikasirike.

Naogopa, Baba. Siwezi kukuficha. Nikimwona mtu amebeba bahasha ya kaki nabadilisha njia. Juzi niliandika hesabu ubaoni nikasahau jibu lake mbele ya watoto wote. Hawa wakinikataa tena sijui nitakuwa mtu gani. Tafadhali, barua ikija usiifungue wala usimwambie mtu. Itie ndani ya bahasha nyingine unitumie.

Ni mimi mwanao,
Kiema


Tawa
20 Machi 1977

Kwa mwanangu Kiema,

Nakusalimu, na mama yako Kalunde anakusalimu. Sisi ni wazima, isipokuwa gego langu la chini linanisumbua nikinywa chai. Unajua mimi naandika Kiswahili cha jeshini, cha amri, kwa hivyo usitafute maneno matamu humu.

Kwanza, sijakasirika. Mimi nimevunja meno ya nusu ya Tawa. Wewe ukitaka kuyajenga, sawa, kila mtu na zamu yake.

Pili, sikiliza. Mwaka jana walipokukataa ulitoka nyumbani na kandambili, bila hata shati la pili, tukakupata siku ya tano kule Malili umeketi kando ya barabara kuu unahesabu malori. Ulipotuona hukutujua. Mama yako hajapona safari hiyo, na mimi pia sijapona, ingawa sisemi. Sasa unaniambia unaogopa tena. Mimi nasema uoga huo ndio utakaokuua, si barua.

Nikupe kitu cha ufundi wangu. Mtoto alipoletwa kwangu sikuanza na jino. Nilimpa kijiti aume, nikaweka patasi kando ya jino, nikapiga mapigo ya bure. Ishirini, thelathini. Analia, anajikojolea, anamwita mama yake. Halafu anachoka kulia. Halafu anaanza kutazama mbuzi wanaopita. Hapo ndipo nilipopiga lile moja la kweli, na wengi hawakujua limepita lini. Mafundi wengine walikimbiwa na watoto. Mimi sikukimbiwa hata na mmoja.

Kaza roho.

Baba yako,
Muthama


Zombe
17 Aprili 1977

Baba,

Salamu. Bahasha imefika. Wamenikataa. Ni maneno yale yale ya mwaka jana, "tunasikitika kukuarifu", hata hawakujisumbua kutafuta mengine. Siku tatu sijaingia darasani. Mwalimu mkuu amegonga mlango nikamwambia ni malaria. Chakula hakipiti.

Usimwambie Mama. Ukimwambia atakuja.

Mwanao


Tawa
24 Aprili 1977

Kiema,

Salamu baadaye. Simama ule kwanza.

Barua ile ni yangu. Chuo hakijaandika kitu. Nilimpa Musyoka, karani wa kanisa, ile barua yako ya mwaka jana, akainakili kwa taipu ya kanisa na kubadilisha tarehe. Alikataa kwanza, nikamwambia ni dawa ya mgonjwa.

Hilo ni pigo la kwanza la bure. Umelia, vizuri, lakini umelilia chumbani na hukufika Malili. Tumeanza kazi. Mama yako amejua leo na amekataa kunipikia, kwa hivyo nakula mihogo mibichi na jino langu hili bovu. Hata mimi nina maumivu yangu.

Baba yako


Zombe
8 Mei 1977

Baba,

Sijui nikusalimu kwa salamu gani.

Nilikuwa nimefunga sanduku langu. Nilikuwa nimeshapanga niende mahali ambapo hakuna anayenijua, nisirudi. Na wewe ulikuwa Tawa ukihesabu siku, ukingoja kusikia kama nimelia vizuri! Wenzangu wana baba wa kuwaombea. Mimi nina baba wa kunitengenezea kukataliwa, kana kwamba dunia imeshindwa kuifanya kazi hiyo peke yake. Na wewe ni mzee wa kanisa.

Usifanye tena. Nakuomba kama mwana. Kama hutaki kuniona, basi fanya.

Kiema, mwanao


Tawa
12 Juni 1977

Kwa mwanangu,

Salamu nyingi. Tu wazima. Mama yako amerudi kupika, ila ananiwekea sahani mlangoni kama mbwa.

Najua ile ya pili umeipata. Mwalimu Mutie, jirani yako hapo shuleni, alipita Tawa akienda harusi, nikamhoji. Anasema ulikunja uso, ukakosa chakula cha jioni moja, basi. Kwanza siku tatu, sasa jioni moja. Mtu asiyeweza kuona faida hapo ni kipofu.

Najua moyoni unasema roho yangu ni mbaya. Watoto wote walisema hivyo wakiwa wameuma kijiti. Baadaye waliniletea kuku.

Ya tatu iko njiani.

Baba yako


Zombe
3 Julai 1977

Baba,

Salamu kwako na kwa Mama. Huku ni salama, jua tu ndilo kali.

Ile ya tatu ilinishika mchana mmoja. Uliandika kwa mkono wako, "Hii si yangu, naapa mbele ya Mungu," na chini yake Mama akatia dole gumba. Mama! Sijui ulimtisha kwa kitu gani mpaka akakubali. Niliamini, nikaifungua nimepiga magoti. Halafu nikaziona herufi. Taipu ya kanisa inajaza wino ndani ya kila e, tundu lake halionekani, limebaki doa jeusi tu. Zile mbili za kwanza zilikuwa hivyo hivyo, nikazitoa nikazilinganisha. Nikacheka, Baba. Nilicheka peke yangu chumbani mpaka Mutie akaja kuuliza kuna nini. Jioni nikala, nikaomba nyongeza.

Nimepigilia msumari ukutani na barua zenu nazitundika hapo. Bahasha yoyote ya kaki itakayotoka Tawa sitaifungua. Mwambie Musyoka apumzishe vidole.

Likizo ya Agosti nitabaki huku, nina darasa la mtihani. Sina hasira. Sina kitu chochote.

Mwanao


Tawa
17 Julai 1977

Kiema mwanangu,

Salamu nyingi sana, za mama yako na zangu.

Imekuja ya kweli. Imekuja Alhamisi, ina mhuri wa Nairobi. Sikuifungua, nimeshika neno lako la kwanza. Imo humu ndani. Hii si yangu. Najua niliandika maneno haya haya mwezi uliopita, na nimetubu kwa mchungaji, akanisimamisha mbele ya watu Jumapili.

Mapigo ya bure yamekwisha. Kama wamesema ndiyo au hapana, mimi sijui, lakini sasa unaweza kulibeba. Fungua.

Gego langu limeoza kabisa. Dresa wa zahanati ya Mukuyuni alitaka kuling'oa nikamkatalia. Nimemwambia nina daktari wangu, bado anasoma. Nimekuwekea wewe.

Baba yako


Zombe
31 Julai 1977

Baba,

Salamu. Natumai mko salama. Mvua huku hakuna, lakini njaa haijatufika.

Nimesoma maneno yako nikafurahi. Hata mhuri wa Nairobi mmeupata! Musyoka amekuwa fundi kukushinda wewe. Bahasha sikuifungua. Nimeitundika kwenye msumari pamoja na wenzake. Nikaenda darasani, nikarudi, nikala ugali na maharagwe, nikalala.

Na hilo jino ni chambo cha kunivuta nyumbani. Nalo nimelijua. Ningekuwa mwana wa mtu mwingine ningekuonea huruma.

Habari za chuo nitakwenda kuziuliza mwenyewe mwaka ujao. Kuanzia leo kila kitu chenye mkono wako nitakitundika bila kukifungua, mpaka Krismasi. Kila mtu na zamu yake, ulisema.

Mwanao uliyemfundisha,
Kiema


Tawa
28 Agosti 1977

Kiema,

Fungua. Fungua hii, halafu fungua ile.

Musyoka amerudi jana kutoka huko kwako. Nilimtuma yeye kwa sababu mimi shavu limefura, jicho la kushoto halifunguki, na mama yako ananilisha uji kwa kijiko. Anasema ulimwona langoni ukawaita wanafunzi, ukawaambia, "Huyu ndiye mwandishi wa barua za Nairobi," wakamzomea mpaka akarudi kwenye basi. Anasema alikuapia kwamba ile si yake. Anasema ulimjibu, "Unapiga vizuri, endelea." Kijana wa watu alilia akinieleza.

Mama yako ameniambia niandike hivi: Kiema, kidole nilichotia siku ile kilikuwa cha uongo, baba yako alinishika mkono. Hiki ni cha kweli, nimekitia mwenyewe. Ameweka hapa chini.

Mwanangu, nilidhani nakuzoesha maumivu. Sikujua nakuzoesha kutoniamini. Hilo sikulifikiria, kwa sababu watoto wa zamani walikuwa wa watu wengine, wakimaliza wanakwenda kwao.

Kama barua imesema siku ya kufika, siku hiyo haitangoja Krismasi. Fungua.

Baba yako


Zombe
25 Septemba 1977

Baba,

Nimefungua zote, leo ni wiki moja.

Nilitaka karatasi za kufungia chaki, nikashusha mzigo wote kutoka kwenye msumari. Bahasha moja ikaanguka. Nilipoiokota niliona jina langu limepigwa taipu, Kiema, na e yake ilikuwa safi, tundu lake wazi. Ilikuwa ukutani pale tangu Julai, uso wake umeelekea ukutani. Niliitundika bila hata kuigeuza.

Walinikubali. Walitaka nifike tarehe 5 Septemba, na asiyefika kwa juma moja nafasi yake apewe mwingine. Niliifungua tarehe 18.

Jumatano nilikwenda Nairobi hata hivyo. Karani alikuwa mama mpole. Alilitafuta jina langu kwa kidole, akaniambia walinisubiri siku kumi, tatu zaidi ya walizosema, kwa sababu kuna mwalimu mmoja aliyeipenda ile habari ya baba mchonga meno na alitaka kuniona. Kijana mwingine ameshaanza masomo. Akaniuliza kama nyumbani kulikuwa na msiba. Nikamwambia hakuna.

Nilitoka nje nikasimama langoni, Baba, nikingoja niumie. Nilingoja sana. Niliwaza kile kiti changu, na yule kijana aliyekikalia, nikamtakia mabaya kwa makusudi, ili nisikie kitu. Nilinunua ndizi mbili nikazila zote. Watu walipita na vitabu, nami nikawatazama tu. Ndipo nikawakumbuka watoto wako waliotazama mbuzi. Lile la kweli lilikuwa limepita, na sikujua limepita lini.

Ulikuwa fundi. Hilo hakuna atakayekunyang'anya.

Mpe dresa lile jino, usiniwekee. Muhula ukiisha naondoka hapa, na nyumbani siji. Mwambie Mama kidole chake nimekiona. Wewe usiandike.

Kiema


Tawa
9 Oktoba 1977

Kiema,

Umeniambia nisiandike. Naandika. Bahasha hii haina nyingine ndani, na anwani nimeiandika kwa mkono wangu, utaona ilivyopinda.

Salamu za mama yako. Hakuniuliza ulichoandika. Aliutazama uso wangu nilipomaliza kusoma, akachukua ndoo akaenda kwa ng'ombe, na wakati wa kukamua ulikuwa bado. Nimeona pia kwamba umetia jina lako mwisho bila kuandika "mwanao". Sitauliza.

Patasi yangu ya zamani nilikuwa bado nayo, nimeiweka juu darini tangu nilipookoka. Nimeitupa chooni.

Jumatatu nilikwenda Mukuyuni. Dresa alitoa sindano ya ganzi, nikamwambia airudishe. Akasema, mzee, basi nilitikise kidogo kidogo kwanza lizoee. Nikamwambia asilitikise. Alikataa, tukabishana mpaka wagonjwa wengine wakaja mlangoni kutazama. Mwishowe alishika koleo akavuta.

Hakupiga hata pigo moja la bure. Nililisikia lote.

Baba yako