Mupunga wa Kuonja

Wamaza

Baba Plamedi,

Salamu nyingi. Sisi tuko wazima. Mbuzi wetu amezaa, na Plamedi anakohoa kidogo tu.

Mupunga umekubali mwaka huu, nyumba imejaa magunia. Lakini daraja limeanguka na pikipiki za wachuuzi hazifiki tena. Hakuna wa kununua, na magunia ya chini yameanza kuota. Nasikia huko Salamabila nyinyi wachimbaji munalala njaa. Mimi ninalala pembeni ya chakula.

Muhogo umeisha shambani. Mama yako hataki tupike mupunga mupya kabla wewe, mwenye nyumba, hujauonja. Anasema tukikula mbele yako, tunakuhesabu pamoja na wafu. Ametandika mukeka wake kwenye magunia. Watoto wanamwangalia tu.

Jirani yetu Iliasi anakuja huko kwa miguu. Amekataa kubeba hata kilo moja, kwa sababu kwenye bariere za njiani wenye silaha wananyang'anya chakula. Basi nimekunja muchele kidogo ndani ya barua hii. Uutafune hata mubichi, Iliasi akuone, halafu umurudishe upesi aje amwambie mama.

Tunangoja kinywa chako.

Mke wako,
Chimène