Mayai Niliyompelekea Eliamani

Wifi yangu Ndeshi, pokea salamu za Meru. Mvua haikatiki, na ndizi zao haziivi kama zetu.

Nilikuja kumrudisha mwanangu Eliamani ashike kihamba cha marehemu kaka yako, nyumba na migomba yake, kama mila inavyompa kitindamimba. Kakonda. Kule kwa Wazungu wa utafiti kazi yake ni utomvu wa papai bichi. Kanionyesha vipande viwili vya nyama: kilichotiwa utomvu mtupu kimekuwa uji, kilichotiwa utomvu uliochanganywa na ute wa yai kimebaki kizima.

Nikamuuliza, "Mayai niliyokuletea ule, umelisha nyama?"

Hakunisikia. Alikuwa anakitazama kile kizima kama mzazi anayesikiliza mtoto mgonjwa akipumua.

Huyu harudi, wifi. Kihamba ashike kaka yake Yosia, japo si kitindamimba. Nawe ujifunike vizuri, baridi ya mwezi huu haina adabu.