Mfupa Mdomoni mwa Kompyuta

Mtani wangu Mabula,

Mwangaluka. Najua unacheka, kwamba miaka yote hii salamu ya Kisukuma bado naitamka kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Cheka tu. Miguu yangu imevimba, na daktari hapa Somanda ananitazama kwa upole uliozidi, kwa hiyo sina muda wa kukuzungusha. Kuna jambo nililokuficha. Sitaki nije huko nikiwa bado nimelibeba.

Siku tuliyokuzika nilifanya kazi yangu yote. Mzaramo hawezi kumzika Msukuma kwa machozi matupu. Nilishuka kaburini kabla ya jeneza, nikawaambia wachimbaji shimo ni fupi kwa mtu aliyekula ugali kama wewe, waongeze. Nikavaa miwani yako, nikashika unyoya wa kuku, nikaigiza unavyoisafisha kompyuta huku umetoa ulimi. Shangazi zako walicheka hadi wakakaa chini. Mtani msibani ana ruhusa ya kusema lolote na hakuna wa kukasirika. Nilisema yote, nikabakiza hili.

Unaikumbuka siku ile. Ushirika ulikuwa umeacha kununua pamba, wanunuzi binafsi wamemiminika Bariadi, na wewe, fundi wa taipureta za ushirika, umeambiwa ukapumzike nyumbani. Ulikuwa umeshafunga godoro urudi Sapiwi kwa ng'ombe wa baba yako, ingawa mama yako alikuwa akisema ng'ombe wenyewe wanakukimbia. Mimi nilikuwa nimepata ukarani kwa mnunuzi mmoja, kwa kuwa nilisoma hadi kidato cha sita, na kwa kuwa nilidanganya kwamba kompyuta naijua. Ilikuwa ya mtumba, nzito kama jiwe la kusagia. Tulikuwa tukiifunika kitenge.

Asubuhi hiyo ikagoma kuwaka. Ikanguruma, ikaandika mstari mmoja wa Kiingereza, ikanyamaza. Meneja akasema lori la Mwanza linaondoka alasiri. Kama mashine haijaamka itapakiwa, na karani wake apande juu yake. Nikaja kwako mbio. Nani mwingine Bariadi nzima alikuwa na bisibisi ndogo?

Ulikuja na brashi ya taipureta na ule unyoya. Kabla ya kuifungua uliizunguka mara mbili, kama mtu anayechagua fahali mnadani. Ulipoifungua, sote tuliguna. Ghala lilikuwa nyuma ya ukuta, na nyuzi za pamba zilikuwa zimejaa humo ndani kama kiota. Ukazivuta taratibu, ukazikusanya kwenye kofia yako. Wabeba marobota wakajaa mlangoni. Mmoja akauliza kama imekufa.

"Haijafa," ukamjibu bila kuinua kichwa. "Imepaliwa."

Kisha ukatoka kunawa mikono. Hapo ndipo penye dhambi yangu, Mabula. Niliusoma tena ule mstari, safari hii kwa utulivu, kama msomi. Haukusema lolote juu ya uchafu. Ulikuwa unalalamikia diski. Nikainama kwenye mdomo wa mashine, nikaiona flopi yangu, ile diski bapa ya kuhifadhia barua, yenye mwandiko wangu, niliyoisahau humo jana yake. Mashine ilikuwa ikijaribu kuamka kwa kusoma barua zangu za ofisini. Nikaichomoa, nikaitia mfukoni. Ukarudi, ukabonyeza kitufe, ikaamka. Walikubeba juu juu hadi barabarani, mikono yako ikidondosha maji. Huku nyuma nikaenda kuitupa flopi kwenye shimo la takataka.

Nilinyamaza kwa woga. Ningesema, karani angepanda lori. Meneja akakuajiri siku hiyohiyo, godoro likafunguliwa, na baadaye ukafungua duka hapa Somanda, watu wakakuletea mashine zao hata kutoka Kasoli. Kila mavuno ukaniletea kapu la michembe, vile viazi vyenu vya kukaushwa, eti kwa kuwa mimi ndiye niliyekuita siku ile. Ukakaa ukinitazama ninavyotafuna, kisha ukaniuliza neno lilelile kila mwaka: "Huna la kuniambia, mtani?" Nikajibu asante. Michembe ilikuwa mitamu, lakini ilinikwama kidogo kila mara. Niliona nimelijenga jina lako juu ya uongo, na kwamba ukijua, utaona aibu mbele ya watu.

Sasa sikiliza. Juma lililopita Milembe, binti yako, alinitumia bodaboda anifuate. Yeye ndiye mwenye duka siku hizi. Bariadi imekuwa makao makuu ya mkoa, mtani. Wateja wanaleta simu tu, na wanazitaka leo hii. Alikuwa ameitoa stoo kompyuta ileile, uliyoachiwa na mnunuzi alipofunga ofisi. Akaiwasha. Ikanguruma, ikaandika mstari uleule.

Nikaona saa yangu imefika. Nikakohoa, nikaanza kutafuta maneno ya kuungama mbele ya mtoto wako. Yeye hakuusoma hata huo mstari. Aliinama moja kwa moja kwenye mdomo wa mashine, akachomoa flopi, akanipa mkononi.

Karatasi iliyobandikwa juu yake imekuwa ya njano. Mwandiko ni wangu.

"Baba alikuwa akiiweka humo kumpima kila mwanafunzi mpya," akasema. "Alikuwa akimwambia: kabla ya bisibisi, itazame mdomoni. Huenda mtani ameacha mfupa. Na alisema mwenye mfupa atakuja kuudai, ila atachelewa, maana ni Mzaramo."

Bomba la kunawia lilikuwa nyuma ya ghala, karibu na shimo, na bila shaka walipokushusha ulirudi hapo kuosha brashi yako. Nililisahau bomba. Uliniona, ewe mtu. Uliiokota flopi, na ukaningoja kwa makapu yote yale ya michembe. Nilicheka mpaka Milembe akanishika mabega akidhani nazidiwa.

Basi buriani, mtani, kwa muda mfupi. Ahadi yangu ni hii: flopi nimemrudishia binti yako. Siku yangu ikifika atashuka kaburini kabla yangu, ataiinua juu watu waione, na ataisema habari yote kwa sauti. Nimemwomba asipunguze kitu.

Nikifika, usinikaribishe kwa michembe. Hiyo nimeshakula ya kutosha.

Mtani wako,
Pazi