Waya wa Kutoka Kwenye Mixa

Lyamkena, Makambako
5 Juni 2023

Baba mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mzima, kikohozi kimeisha. Koo lako linaendeleaje? Mama hajambo? Naandika kwa sababu daktari amekukataza kuongea na simu, na nina jambo baya ambalo sitaki ulisikie kwa watu.

Video ya misa ya jana, ya kukuaga kwenye kwaya, ina picha safi ila sauti imeharibika. Wimbo wako wa matoleo unasikika kama mtu anakaanga bisi. Nilivuta waya kutoka kwenye mixa, ile mashine ya sauti ya kanisa, nikauchomeka moja kwa moja kwenye tundu la maikrofoni la kamera. Fundi Nahumu, yule wa redio hapa stendi, amenicheka. Anasema sauti ya mixa imeshakuzwa, na tundu lile limezoea sauti dhaifu ya maikrofoni, nalo likaikuza tena. Hata kupunguza sauti ndani ya kamera kusingesaidia, imeshapasuka mlangoni.

Ningevaa hedifoni ningegundua. Nilizivua ili niimbe besi. Tarehe 15 unapasuliwa, na daktari alishatuambia sauti haitarudi. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuitunza. Nisamehe, baba.

Mwanao,
Tarsis

Njombe
7 Juni 2023

Mwanangu Tarsis,

Milele, amina. Kamwene. Mama yako mzima, viazi vimepigwa na baridi kidogo. Ugali unakwama kooni, uji unapita.

Nilikasirika, sitakudanganya. Nilipasua kuni mpaka mama yako akaninyang'anya shoka. Ndipo nikakumbuka. Miaka thelathini na moja nimeongoza kwaya, na sijawahi kumvumilia mtu anayesimama kanisani amefunga mdomo. Jumapili ile nilikuona nyuma ya kamera umenyamaza, nikakutolea macho. Ukavua vitu vyako vya masikioni, ukaimba. Kwa hiyo kosa hili tugawane.

Njoo Jumamosi. Wanakwaya nimewaandikia ubaoni, watakuja. Daktari amenikataza maneno ya ovyo, na wimbo wangu si neno la ovyo. Ila nitaimba mara moja tu, zaidi ya hapo sina. Waya wako ujaribu huko huko. Na wewe usiimbe.

Baba yako,
Kasimiri

Lyamkena, Makambako
8 Juni 2023

Baba,

Shikamoo. Dada Ema anapita kesho na gari la asubuhi, nampa barua hii. Nahumu ametengeneza waya mwingine, ndani ameweka rezista mbili za kupunguza nguvu ya sauti kabla haijaingia kwenye kamera. Tumeujaribu na redio mchana kutwa, sauti haipasuki. Hedifoni sitazivua hata ukinitolea macho. Kunywa uji, baba, na usiongee mpaka Jumamosi.

Mwanao,
Tarsis

Njombe
3 Julai 2023

Mwanangu Tarsis,

Kamwene. Natumaini kazi zinaenda. Mimi nimerudi nyumbani, napumua kwa tundu la shingoni, kidonda kinakauka. Sauti haipo, kama walivyosema. Nililia siku mbili, siku ya tatu nikaona njaa.

Flashi ya Jumamosi ile uliyompa Ema imefika, tumeitazama sote. Sauti ni safi. Nasikia hata pale Fidelis anapochelewa kuingia kwenye kiitikio, na sasa siwezi kumgombeza. Asante sana, mwanangu.

Wimbo ulipoisha ulisahau kuzima kamera. Picha ni viatu vyako na sakafu ya kanisa, lakini maikrofoni yangu ilikuwa bado wazi. Nasikika nikisema: "Tarsis, umekula? Mama yako amekuwekea viazi."

Nilidhani mama yako atakuwa anarudia wimbo. Anarudia hapo. Ema amemkatia kipande hicho, amemwekea kwenye simu.

Wewe hupiga simu kila Jumapili. Kuanzia wiki hii mama yako atakibonyeza kabla hajasema lolote. Ukinisikia nakuuliza kama umekula, nijibu. Nitakuwa nimekaa pembeni yake, nasikiliza.

Baba yako,
Kasimiri