Tumbo la Boti Si Langu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, na kwamba goti limekupa nafuu walau ya kupanda ngazi. Mimi mwili ni mzima. Usingizi ndio umenihama.

Najua umeshasikia kwamba Mjomba yuko mahabusu. Hukuambiwa kwa nini, nami niliyekuwapo ndiye ninayepaswa kukueleza.

Mwaka jana ililetwa karakanani kwetu boti ya mbio, izibwe ufa. Bosi wetu tunamwita Nahodha kwa kumcheka, maana akipanda boti hutapika kabla kamba haijafunguliwa. Aliagiza tumbo la boti ile lipakwe nta na kuchukuliwa kalibu ya kunakili umbo lake, kisha tukaanza kufyatua boti zetu kama matofali. Mbunifu aliyebuni umbo hilo akatushtaki. Nahodha akaniita mimi karani wake, akasema mwandiko wangu ni safi na shuleni nilifundishwa kuchora. Nipime kalibu, nichore, nitie sahihi kwamba umbo ni langu. Nikatia, na mahakamani nikaapa hivyo. Tukashinda kesi, nawe ukautangazia mtaa mzima kwamba mwanao anabuni boti. Sikukukanya. Niliona raha.

Oda zilipozidi, Nahodha alimwambia Mjomba, ambaye ndiye mkuu wa mafundi, apunguze faiba ya tumboni: matabaka matatu badala ya matano, boti iwe nyepesi na ikimbie zaidi. Mjomba akamuuliza kama anauza boti au maganda ya mayai. Akajibiwa kwamba nje ya geti wamejaa mafundi wasiouliza maswali. Nilikuwa nimesimama palepale, mafaili kifuani. Mjomba alinitazama, akacheka kidogo, akaenda kukata faiba.

Boti ya kwanza ya namna hiyo ilipiga wimbi ikiwa kasi, tumbo likapasuka kutoka mbele hadi kwenye injini. Dereva aliyekuwa akiijaribu alikufa. Wakaguzi walikata kipande, wakahesabu matabaka, wakaja kuuliza kosa ni la mchoro au la ujenzi. Mchoro wangu unaonyesha matano. Ni mchoro mzuri, Mama, kwa sababu si wangu. Matabaka niliyahesabu kwenye ufa wa ile boti tuliyoletewa kuziba.

Sasa lile lililonifanya nishike kalamu. Mkaguzi aliniuliza, mbele ya Mjomba, kama nilimsikia mtu yeyote akiagiza matabaka yapunguzwe. Nikasema sikusikia. Mjomba hakunitukana. Alimwambia tu mkaguzi kwamba huyu kijana ni mwoga tangu utotoni, amuulize tena taratibu. Mkaguzi akauliza tena, taratibu. Nikasema tena, sikusikia. Wakamchukua Mjomba.

Kesho asubuhi nakwenda kubadili maneno yangu. Wataniuliza na habari ya mchoro, na nikiisema nitashikwa kwa kiapo cha uongo. Nakuandikia leo ili nisipate pa kurudi nyuma. Wifi yako hajui lolote. Kila jioni ananiwekea chakula na kunishukuru kwa kumhangaikia mumewe. Hata shati nitakalovaa kesho amelipiga pasi yeye.

Wasalimie wadogo zangu, uwaambie wasome. Nisamehe kama mama yangu. Kama dada yake Mjomba, sijui nikuombe nini.

Ni mimi mwanao,
Karani