Simu Isiyoona Vidole

Jumatatu, 12 Mei

Saa moja jioni, kama kawaida. Niko nyuma ya magunia ya makaa ya Aunti Kalondu, ambaye naishi kwake. Silanga nzima, hapa ndipo mahali pekee ambapo mtandao unashika na watoto hawanioni. Simu naiegemeza kwenye gunia ili mikono iwe huru. Mama ni fundi cherehani, na ni kiziwi. Sisi tunaongea kwa mikono.

Leo picha ilikuwa mbaya kuliko jana. Mikono yake kama moshi. Balbu ya chumba chake kule Kabiro iko nyuma yake, kwa hiyo uso ni kivuli tu. Niliona viganja vikisukuma mbele, vikisukuma mbele. Hiyo ni kushona. Ishara zetu hazikutoka shule yoyote, tulizitunga wenyewe nikiwa mdogo. Kushona ni viganja viwili vinavyosukuma kitambaa chini ya sindano. Alirudia na kurudia. Kazi imekuwa nyingi. Nikainua dole gumba. Vizuri! Vizuri sana! Mama akatulia akanitazama. Amechoka, nadhani.

Nilimwambia Aunti kwamba Mama ana kazi nyingi. "Asante Mungu," akasema. "Labda amepata zile sare za shule alizokuwa akizingoja." Akaendelea kupima makaa.

Nahitaji simu mpya. Si mambo ya kujionyesha. Hii imezeeka.

Jumatano, 14 Mei

Kioko, binamu yangu, mtoto wa Aunti, anauza makava ya simu kule juu barabarani, basi anajiona profesa wa simu. Lakini ananiita mimi Prof.

"Niaje Prof. Bado unatembea na hiyo kitu? Peleka museum, watakuwekea kioo."

Nikaitia mfukoni.  Kisha akanionyesha picha ya mpya: kampuni ileile, jina lilelile, namba tu imeongezeka. Kamera ya mbele inaona hata giza likianza kuingia. Haijifungi katikati ya ukurasa nikisoma kitabu humo, kama hii yangu. Nimesoma habari zake jioni nzima badala ya kemia. Najua uzito wake. Sijui hata uzito wangu mwenyewe.

Jumamosi, 17 Mei

Matokeo ya mtihani yalitoka jana. Nafasi ya pili. Leo Anko Musyoka, kaka yake Mama, amekuja akiwa bado na saruji kwenye viatu. Ni fundi wa mjengo. Mwaka jana aliniahidi kwamba nikiingia tatu bora atanibadilishia simu. Nilidhani amesahau.

"Mutheu, mwisho wa mwezi nalipwa. Enda uangalie ile unataka. Usichague ya bei rahisi ati unanionea huruma."

Nilicheka mpaka Aunti akauliza kama ni mimi.

Jumapili, 18 Mei

Baada ya kanisa nilienda dukani. Niliogopa kuingia, nikapita mlangoni mara mbili kwanza. Dada wa duka akaniita mwenyewe, akanipa simu mkononi, akaigeuza kamera inielekee.

Nikajiona. Chunusi zote. Alama ya makaa karibu na sikio, na nimekaa nayo kanisani hivyo. "Usijifiche, uko poa," akasema, akacheka. Hakuwa mbaya. Nilitoka haraka.

Nilipofika nyumbani nikatambua kitu ambacho nilipaswa kukijua siku nyingi. Kamera ya mbele inamsaidia mtu wa upande ule. Nikipata simu mpya, Mama ndiye ataniona vizuri. Mimi bado nitamtazama kupitia simu yake, ambayo ni kuukuu kuliko yangu. Mikono yake itabaki moshi. Mimi, ambaye naitwa Prof, nimekuwa nikisema kwamba naitaka ili nimwone Mama.

Simu inayotakiwa kubadilishwa ni ya Mama.

Sijamwambia Anko. Niandike ukweli, maana hapa hakuna anayesoma: naitaka ile simu iwe yangu. Kwa sababu ni mpya. Kwa sababu kila kitu nilicho nacho kilikuwa cha mtu mwingine kwanza, hata viatu.

Jumanne, 20 Mei

Jioni mbaya. Nilimwambia Mama kuhusu nafasi ya pili. Nadhani alifurahi, sikuona vizuri. Nikamwambia kuhusu simu. Kisha yeye akaanza tena: kushona, kushona, kushona. Polepole safari hii, viganja karibu kabisa na simu, mpaka nikaona weusi tu. Nikamwonyesha dole gumba tena. Vizuri, Mama!

Akashusha mikono mapajani. Kwetu mikono mapajani ni kimya. Kisha akakata.

Mama hajawahi kukata kwanza. Kila siku mimi ndiye ninayechoka.

Alhamisi, 22 Mei

Jana Mama hakushika simu. Leo hakushika.

Naona simu inamulika uso wangu tu. Nilimwambia Aunti. "Si ana kazi nyingi? Wewe mwenyewe ulisema." Kweli nilisema. Mama hakwenda shule, hajui kuandika zaidi ya jina lake na vipimo vya nguo, kwa hiyo siwezi kumtumia ujumbe. Kwenda Kabiro huwa ni mwisho wa mwezi, kwa sababu Jumamosi kuna masomo ya ziada na makaa, na Jumapili kanisa.

Nimemwandikia Anko. Atapita huko Jumamosi.



Jumamosi, 24 Mei

Anko alipiga kutoka kwa Mama, kwa simu yake. Simu ya Anko ni nzuri. Mlango ulikuwa wazi, mwanga unaingia. Nilimwona Mama kama yuko mbele yangu. Niliona hata kovu la sindano kwenye kidole cha shahada. Amekonda.

Mwanzoni hakuinua mikono. Anko alimgusa bega. Ndipo akasukuma viganja mbele. Kushona. Halafu vidole vikafunguka, vyote kumi, vikabaki wazi hewani.

Mikono mitupu. Haipo. Imekwenda.

Hiyo sehemu ya mwisho simu ya Mama haikuwahi kuiona. Vidole vinafunguka haraka, na kwenye moshi ule vinapotea.

Nyuma yake, mahali pa cherehani, palikuwa na ukuta tu. Na alama nne za miguu ya meza kwenye simiti.

Kwa hiyo hicho ndicho alichokuwa akiniambia siku zote hizo. Cherehani yangu imeibiwa. Cherehani yangu imeibiwa. Na mimi: vizuri! Vizuri sana!

Siandiki zaidi.

Jumapili, 25 Mei

Nimekwenda Kabiro asubuhi. Kanisa sikuingia.

Mama alinisimulia. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Komeo la mlango lilivunjwa. Akaweka kiganja shavuni, ndiyo kulala, halafu vidole viwili vya mkono mwingine vikatembea polepole kando ya kichwa chake. Vikapita. Kisha vikarudi kwa njia ileile, vimeinama kwa uzito. Yeye yuko pale amelala.

Nilipokuwa naishi pale mimi ndiye niliyekuwa nikisikia. Mlango, mvua, maziwa yakichemka, mteja anayebisha. Nilihamia Silanga kwa ajili ya shule. Hakuna aliyesema chochote kuhusu masikio niliyoondoka nayo.

Alidhani nimemwambia Aunti. Alidhani wote tunajua. Alikuwa akingoja mtu aje. Akaanza ishara ya kwamba hakuna anayem... akaiacha katikati, akaanza kukunja shuka ambalo lilikuwa limekwisha kukunjwa.

Nikamwambia simu haikuona vidole. Hakunielewa. Nikachukua simu yake, nikamwomba arudie, nikairekodi mikono yake, nikamwonyesha. Aliitazama mikono yake mwenyewe ikigeuka moshi. Akairudia ile video. Akajaribu kufunga na kufungua vidole huku akiitazama, kama anayejipima. Kisha akacheka. Mama hucheka kwa sauti kubwa sana, hajui. Jirani akachungulia. Halafu ikawa si kicheko tena.

Alinishika uso kwa mikono miwili, akaugeuza kwenye mwanga wa mlango, huku na huku, kama anavyokagua kitambaa kabla ya kukikata. Akafuta kitu karibu na sikio langu. Makaa, tena.

Jumatano, 28 Mei

Anko amelipwa. Amekuja jioni, akakataa chai, akakaa kwenye gunia.

"Mutheu, niko na pesa ya kitu moja. Simu, ama cherehani ya mitumba. Si zote. Nilikuahidi simu na mimi si mtu wa kuruka maneno. Wewe ndio utasema. Hata ukisema simu, sitakasirika. Na mama yako hatajua."

Aunti akafyonza. "Musyoka, mtoto unamuuliza nini na jibu unalijua?"

"Ni yake, Kalondu. Yeye ndiye alisoma."

Nimemkasirikia Anko. Angesema tu hapana, ningelia, ningemchukia siku mbili, mambo yakaisha. Ameniachia mimi. Kioko alinifuata nje. "Cuzo, chukua simu. Mashine itapatikana tu." Baadaye akarudi na kusema, bila kuniangalia, "Ama usinisikize. Mimi nauza makava."

Nimefikiri pia kumchukulia Mama ile simu. Ningemwona wazi. Ningeona kila kidole. Ningeona vizuri sana ule ukuta mtupu na zile alama nne.

Ijumaa, 30 Mei

Nimesema cherehani.

Watu kwenye vitabu wakifanya hivi husikia moyo ukiwa mwepesi. Mimi nililia nyuma ya magunia, na nililia kwa ajili ya simu. Si kwa ajili ya Mama. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumapili, 1 Juni

Cherehani imetoka kwa fundi mmoja wa mtaa wa Kongo, jirani na Kabiro. Nyeusi, maandishi yamefutika. Yule fundi alifikiri Mama hataelewa chochote, akawa anaongea na Anko tu. Mama akaweka kiganja juu ya meza, akamwonyesha Anko azungushe gurudumu. Akatikisa kichwa. Mkanda umelegea. Fundi akakaza. Mama akaweka kiganja tena. Bado. Fundi akakaza tena, jasho linamtoka, na Anko akageukia ukuta ili asionekane akicheka.

Anko ameweka kufuli kubwa. Pia amefunga mnyororo kutoka mguu wa meza mpaka mguu wa kitanda. Mtu akivuta cherehani, kitanda kitatikisika. Nilijaribu kuuvuta Mama akijifanya amelala. Aliruka.

Tumehamisha balbu. Sasa iko mbele yake. Na tumekubaliana: ishara ikiisha, mikono inabaki palepale, haishuki. Anayetazama anairudia yote kwanza kabla ya kujibu. Kama sikuiona, nafunika macho. Sitainua tena dole gumba kwa kitu ambacho sikukiona.

Mama akauliza simu mpya iko wapi. Nilijua kwamba Anko hajamwambia. Nikafikiri. Nikamwonyesha: viganja mbele, kushona, na mikono nikaiacha palepale.

Akairudia. Kushona. Akaitazama cherehani. Akanitazama mimi.

Nilifanya haraka kuaga.

Jumatano, 4 Juni

Baridi. Makaa yanauzika sana, Aunti ana furaha. Nimerudia kemia.

Saa moja, nyuma ya magunia. Simu ilileta picha ya Mama, uso wake wote, kwa sababu ya balbu. Lakini picha ilikuwa inatetemeka. Ukuta unatetemeka, kidevu kinatetemeka. Nikafikiri sasa simu yake ndiyo inakufa kabisa. Nikamwambia: picha inatetemeka. Akairudia, akatabasamu, akaelekeza kidole chini.

Alikuwa ameiegemeza simu kwenye cherehani, na mguu ulikuwa kwenye kanyagio.

Nikafunga vidole ndani ya mikono ya sweta, nikangoja amalize mshono.