Unga Juu ya Ngoma

Baba yangu mpendwa,

Juzi nilifika tena kwenye somo la mawimbi yaliyosimama, na kwa mara ya kwanza nilitamani kulikimbia darasa langu mwenyewe.

Unakumbuka nilivyokufundisha wewe kwanza? Masikio yako yalikuwa yameshakufa, hayasikii ila ukelele wa sikioni kabisa, baada ya miaka mingi ya kuwamba na kupiga ngoma za jando pale kijijini Kitaya. Nilinyunyiza unga wa muhogo juu ya ngoma yako kubwa, nikapiga ngoma nyingine, pacha wake, pembeni. Unga ukarukaruka, ukajikusanya kwenye mistari. Ulicheka mpaka kofia ikakudondoka.

"Uchawi huu ndo mlikwenda kusomea chuo kizima?"

Nikakupayukia sikioni. Tetemeko linatoka katikati, linakimbia hadi ukingoni, linagonga na kurudi, linakutana na lenzake linalokwenda. Yakioana, wimbi halionekani kwenda wala kurudi. Sehemu nyingine za ngozi hurukaruka, nyingine hazitikisiki kabisa, na huko ndiko unga hukimbilia. Hilo ndilo wimbi lililosimama.

"Kumbe ngozi nayo ina pa kupumzikia," ulisema.

Laiti ningeishia hapo, baba. Kimbelembele changu! Kila ulipohitajika, jirani yako Bi Somoe alikuja hadi ndani kukushika bega. Nikamwambia asijisumbue. Ngoma yako nikaiweka kando ya kitanda na unga wake, ile pacha nikampa yeye akae nayo uani kwake. "Piga tu. Ataona unga." Kilikuwa kiangazi. Tulijaribu mara tatu, nawe ukatoka nje mara zote tatu, nami nikarudi Mtwara mjini nikijiona mtu.

Masika yakaja. Asubuhi moja mto Ruvuma ukafurika.

"Nilipiga mpaka viganja vikachubuka, mwanangu," Bi Somoe aliniambia msibani. "Nikajua keshaona, katangulia." Akawabeba wajukuu, akakimbilia mwinukoni. Wewe hukuwa umetangulia.

Ngozi ilikuwa imelegea kwa unyevu, na ngoma iliyolegea haimwitikii mwenzake. Unga uliganda palepale. Wewe ulilijua hilo tangu hujanizaa. Mimi mwenyewe nimekulia kando ya moto wako wa kukaushia ngoma. Bi Somoe anasema mvua zilipoanza alikuuliza kwa nini ngoma hiyo huikaushi motoni. Ulimjibu, "Mwalimu kaipanga, nisije nikamharibia."

Maneno hayo ndiyo ninayolala nayo na kuamka nayo. Sina hasira na mto. Nina hasira na mimi.

Juzi basi, nilinyunyiza unga darasani, mistari ikatokea, watoto wakapiga makofi. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na mvua ikinyesha?"

Mtoto yule hajawahi kuwamba hata kopo. Amekiona mara moja kilichonipita mimi, binti wa mwamba ngoma.

"Mvua ikinyesha," nikamjibu, "nenda mwenyewe ukamshike bega."

Hawakuelewa. Wakainama, wakaandika kwenye madaftari yao.

Pumzika, baba. Nisamehe kama unaweza.

Binti yako,
yule uliyemwita Mwalimu